Shilingi hamsini zako ziko wapi?

Juzi jirani yangu alirudi nyumbani amenuna. Amechomelea vyuma kwa miaka 14 katika karakana moja ya Eneo la Viwandani, Nairobi. Nafasi ya unyapara ilipotokea, alipewa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Kijana ana cheti.

“Dada, kazi naijua, lakini karatasi sina,” aliniambia.

Nikamwuliza iwapo anajua kwamba tajiri wake anatakiwa kulipa shilingi 50 kila mwezi kwa ajili ya mafunzo yake. Akacheka, akidhani namtania.

Si utani. Kulingana na Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hutozwa ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliyotokana na marekebisho ya sheria hiyo mwaka wa 2011. Nazo hazifai kukatwa kwenye mshahara wako. Mzigo huo ni wa mwajiri.

Utasema hamsini ni nauli ya matatu tu. Hebu piga hesabu. Karakana yenye watu 40 hulipa shilingi 24,000 kwa mwaka. Tajiri akiwapeleka wafanyakazi wake mafunzoni, anaweza kudai arudishiwe gharama, mradi tu aombe idhini kabla ya mafunzo kuanza. Lakini wako matajiri wanaolipa na kusahau, kama mtu awekaye akiba asiende kuitoa. Na mfanyakazi asiyejua, atadai nini?

Kuna jambo jingine. NITA huwatahini mafundi kwa kazi ya mikono yao, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Hata aliyejifunzia ufundi jua kali anaweza kuufanya mtihani huo. Angepata gredi yake miaka hiyo yote, huenda jirani yangu asingerukwa.

Basi ufanyeje? Usiende kwa tajiri ukifoka. Shirikianeni watatu au wanne, mwende kwa afisa anayehusika na wafanyakazi, au mpitie kwa mwakilishi wa chama chenu. Mwulizeni kwa adabu: “Ushuru wa mafunzo tunaolipiwa, mwaka huu utatusaidia vipi?” Mtajieni kozi inayohusu kazi mnayofanya, maana hiyo ndiyo atakayoweza kuitetea.

Nawe mwanafunzi, ukienda viwandani kwa mafunzo ya kazi, usione haya kujifunza kwa mzee asiye na cheti. Ila ukishahitimu, mkumbushe naye akautafute wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufundi nao ni mali. Jirani yangu amekwisha kuuliza kazini na bado anangoja jibu, lakini safari hii hangoji akiwa amenyamaza.

Tukutane Jumapili ijayo.