Msomaji wa dikte naye anapimwa

Na Kavira Tsongo

Likitangazwa shindano la dikte kwa watoto wa darasa la sita, wazazi huuliza zawadi ni nini na shule zipi zitashiriki. Mimi huuliza nani atasoma na nani atasahihisha. Nimekuwa nikijitolea katika mashindano ya namna hii, mara Butembo, mara Beni, huku mashariki mwa Kongo, na nimeona wazi kwamba haki ya mtoto siku ile imo mikononi mwa watu wazima wawili: aliyeshika karatasi ya kusoma na aliyeshika biki nyekundu. Wakifanya kazi ovyo, mtoto hodari anarudi nyumbani akiamini kwamba hana akili.

Wamarekani wana desturi yao. Tangu 1925 watoto wao wamekuwa wakitaja maneno herufi kwa herufi mbele ya waamuzi. Bingwa wao wa kwanza, Frank Neuhauser, alishinda kwa neno "gladiolus". Jirani zetu wa Uganda wana mashindano ya Enjuba. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumerithi dikte, na kwa lugha hiyo dikte ndiyo inayofaa, kwa kuwa ugumu wake umo katika sentensi nzima. Mtoto anasikia sauti ileile, lakini lazima aamue kama ni "ses", "ces" au "c'est". Anasikia "les enfants jouent", na herufi tatu za mwisho hazitamkwi kabisa. Msichana mmoja kule Beni alinifuata baada ya kazi akaniuliza kwa heshima: "Madame, ile -ent uliisoma saa ngapi?" Hakuna anayeisoma. Anayeiandika ni yule aliyefundishwa kuitafuta kwa kuangalia nani anatenda, mmoja au wengi.

Na watoto wetu wamefundishwaje? Wengi wanazungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, wanaanza shule kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinashika usukani kabla hawajakizoea. Juu ya hayo weka mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni na kuhamisha vijiji vizima. Weka Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mtoto aliyekimbia Oicha au Eringeti amekatishwa masomo, na pengine ameingia shule mpya katikati ya mwaka bila hata daftari. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza 2019, imewafungulia mlango wengi, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini madarasa yamefurika, na wapo walimu wa N.U. (nouvelles unités) ambao bado wanasubiri mshahara wa Serikali. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kusahihisha rundo la dikte kila wiki. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kujitolea.

Kazi yenyewe ina masharti. Andiko husomwa kwanza lote, taratibu, watoto wakiwa wameweka biki chini. Kisha husomwa kipande kwa kipande, kila kipande mara mbili, pamoja na alama zake: virgule, point, à la ligne. Mwishoni husomwa tena lote. Msomaji asisimame mbele tu kama mhubiri. Atembee kati ya madawati, maana aliye nyuma karibu na dirisha anasikia motari wanaopita barabarani kuliko anavyomsikia yeye. Na mvua ikianza, asitishe kusoma. Kila mtu wa Butembo anajua mvua inavyonguruma juu ya mabati. Nimewahi kumwona msomaji akiendelea katikati ya mvua kwa sababu wageni rasmi walikuwa wakingoja kugawa zawadi. Watoto wa nyuma waliacha mistari mitupu, na mistari hiyo ikahesabiwa kuwa makosa yao.

Kwenye meza ya kusahihisha, kopi iwe na namba tu, bila jina la mtoto wala la shule. Kila kopi isomwe na watu wawili. Makosa yahesabiwe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya shindano, ili mkali na mpole wasitoe alama tofauti kwa kosa lilelile. Na mtoto arudishiwe kopi yake, aone alipokosea. Shindano lisilorudisha kopi halijamfundisha mtu.

Hofu ya Kifaransa tuiondoe kwa kuwaambia watoto kisa hiki. Mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwasomea dikte watu wa ikulu ya Ufaransa. Inasimuliwa kwamba Napoleon III mwenyewe alifanya makosa 75, na aliyewashinda wote, kwa makosa 3 tu, alikuwa mgeni, Metternich wa Austria. Mtu anaweza kuimudu lugha ya kujifunza kuliko waliozaliwa nayo.

Naomba pia kila shindano liwe na dikte ya Kiswahili. Wengi hudhani haina maana, eti Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kinavyotamkwa na nani? Hapa kwetu mtu husema "apa" na "akuna", na mtoto anaandika vivyo hivyo. Tahajia sanifu ilisimamiwa na kamati iliyoundwa 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Kongo haikuwamo. Tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mtoto huyu kesho atajaza karatasi za mizigo mpakani Kasindi. Basi msomaji afanye mazoezi nyumbani, aitamke "h" waziwazi, hata kama yeye mwenyewe huimeza kila siku.

Najua kinachowarudisha watu nyuma. Tangu miaka ya Ebola wengi wamezoea kwamba kila mwito una bahasha yake. Lakini tunaijua salongo, kazi ya pamoja ya kujitolea: mtu anatoka na jembe lake kwa sababu barabara ni yake. Mwenye shindano atoe maji ya kunywa na nauli kwa anayetoka mbali, inatosha. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao michango yao imejenga mengi mjini hapa, wasilete fulana zenye majina ya maduka yao. Walete kamusi, na si kwa mshindi peke yake. Kamusi moja ikiwekwa katika kila shule iliyoshiriki itafanya kazi miaka mingi.

Wanafunzi wa chuo, wauguzi, makarani, walimu wastaafu, nanyi mliowahi kushinda mkiwa wadogo, njooni. Jacques Bailly alikuwa bingwa wa tahajia Marekani mwaka 1980, na 2003 akawa ndiye anayewasomea watoto maneno. Nasi tunao watu kama yeye katika komuni za Mususa, Bulengera, Mulekera na Beu. Nenda kwa direkta wa shule iliyo karibu nawe, umwombe andiko la dikte wiki moja kabla, ulisome kwa sauti mpaka ulizoee. Ukijiandaa hivyo, makosa yatakayohesabiwa yatakuwa ya mtoto kweli, naye atajua la kurekebisha.