Ushauri wa Jirani

Sisi tufugao mbwa mitaani hushauriana: huyu ataja dawa ya kupe, yule ya minyoo. Ni desturi njema. Lakini upo ushauri uuao. Mtoto akiumwa na mbwa, usikubali kuambiwa umpake pilipili au mafuta ya taa, wala usingoje dalili. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona. Oshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Wala asikose sindano hata moja. Na mbwa wako je? Mpeleke kwa bwana mifugo kila mwaka, nawe mkumbushe jirani. Watoto wenu hucheza pamoja.