Neno kwa Wamama: Mwenye Chukudu Asimame Wapi?



Juma lililopita nilikuwa Birere, nikingojea magunia mawili ya viazi kutoka Kibumba. Kijana mwenye chukudu alikuwa ameshuka ule mteremko wote bila shida. Shida ilianza alipofika kwetu Goma.

Hapakuwa na mahali pa kusimama. Upande mmoja kulikuwa na pikipiki zinazongojea abiria, upande mwingine gari linaloshusha simenti. Akasimama katikati ya njia. Magari yakapiga honi, na mtu mmoja akaanza kumdai faranga kwa kuzuia barabara. Kijana akaharakisha, gunia moja likapasuka, viazi vikaanguka ndani ya matope.

Nilikasirika. Nikamwambia nitamkata pesa yake. Akanijibu kwa heshima: "Mama, pale ningesimama, ni nani aliweka meza?"

Nikageuka nikaangalia. Ilikuwa meza yangu.

Wamama, nilimlipa yote. Chukudu ni ya mbao, haina injini, na ikibeba mamia ya kilo haisimamishwi popote tu. Mji wetu umeipa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye ronpwe, lakini sisi tunaokula kwa jasho lake tumeinyima nafasi ya kushushia mizigo.

Kweli, barabara ni finyu, na kupanga maegesho ni kazi ya wakubwa wa mji. Tuwaombe bila kuchoka. Lakini kuna mambo matatu tunayoweza kuyafanya wenyewe:

Kwanza, meza zetu zirudi nyuma kidogo, na kila safu iache nafasi moja tupu ya kushushia. Asiweke mtu hata beseni hapo.

Pili, mizigo mizito ishushwe alfajiri, kabla magari hayajajaa.

Tatu, tumngojee mwenye mzigo tukiwa tayari, pesa mkononi na mtu wa kusaidia kushusha. Kila dakika anayotungojea barabarani inaweza kumletea faini au ajali.

Yule kijana ana mama yake nyumbani, naye anangojea arudi mzima pamoja na unga wa jioni. Tumfikirie huyo mama tunapopanga meza zetu kesho.

Tutaonana juma lijalo.