Tunalilia Theluji, Tunausahau Msitu



Kila itajwapo Kilimanjaro, kilio ni kimoja: theluji inayeyuka. Ni kweli. Lakini theluji hupigwa picha na kuuzwa kwa wageni. Ukungu haununuliwi na mtu. Nao ukungu huo, pamoja na mvua, ndio unaonaswa na miti ya juu yenye kuvumwani na kudondoka ardhini tone kwa tone, hata ukajaza mifereji ya vihamba na kuulisha mto Pangani. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba mioto iliyozidi tangu mwaka 1976 imeuteketeza msitu wa juu wa erika na kuushusha mpaka wa miti, na kwamba hasara hiyo ya maji inapita ile ya barafu.

Wapo wasemao: “Msitu ukiungua utaota tena.” Huo ni ukweli nusu, nao ni wa hatari. Msitu una utaratibu wake wa kujirudisha: hutangulia nyasi na vichaka, hufuata miti ipendayo jua, na chini ya kivuli chake huinuka msitu mkuu. Utaratibu huo hudai miaka mingi ya utulivu. Moto ukirudi kabla miche haijakomaa, safari huanza upya. Ukirudi mara kwa mara, kichaka huwa ndiyo hali ya kudumu. Nacho kichaka hunasa ukungu kidogo na kuwaka upesi, hivyo moto huuita mwenzake.

Oktoba 2020 mlima uliwaka. Oktoba 2022 ukawaka tena. Katika moto wa kwanza, taarifa za awali za mamlaka ziliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha watalii. Kumlaumu mpagazi ni rahisi, kwa kuwa hana wa kumsemea. Lakini anayevuna fedha za safari hiyo ndiye apaswaye kugharimia majiko salama, njia za kuzuia moto na walinzi wa kutosha wakati wa kiangazi. Si haki faida ichukuliwe na wachache, kisha moto ukizuka waitwe wanavijiji kuupiga kwa matawi.

Wala tusiridhishwe na sherehe za kupanda miti. Shamba la misindano hutoa mbao. Haliwi msitu wa asili kwa kuitwa hivyo. Mahali palipoungua pahitaji kwanza kuachwa pasiungue tena.

Viongozi walei, ulizeni katika mikutano ya vijiji na mbele ya madiwani: nani analinda msitu wa juu mwezi Septemba na Oktoba? Sehemu gani ya mapato ya mlima inarudi kuulinda? Msikubali kujibiwa kwa habari za theluji. Mfereji ukikauka, atakayebeba ndoo usiku ni mama wa kijijini, wala si mgeni aliyekwisha kurudi kwao na picha zake.