Ukifuta kwenye seva, umefuta

Kitufe cha Delete kwenye kompyuta ya ofisini kinafanya kazi mbili zisizofanana. Ukifuta faili lililo kwenye diski ya kompyuta yako, linakwenda kwenye pipa la taka, na unaweza kulirudisha kesho au wiki ijayo. Ukifuta faili lililo kwenye folda ya pamoja, ile inayoonekana kama diski Z au S lakini kwa kweli iko kwenye seva, hakuna pipa. Limekwenda. Dirisha ni lile lile, alama ya folda ni ile ile, kitufe ni kile kile.

Windows huuliza kwanza, hilo ni kweli: una uhakika unataka kulifuta faili hili kabisa? Lakini watu wanaoulizwa maswali na kompyuta kutwa nzima hubonyeza Enter kabla ya kusoma, na Enter hapo maana yake ni ndiyo. Tofauti yote kati ya swali lisilo na madhara na swali lenye madhara imebebeshwa neno moja, "kabisa". Ctrl na Z, inayorudisha mambo kwingine kote, hapa haifanyi kitu.

Msimamo wetu ni mwepesi kuueleza. Pipa la mafaili ya pamoja ni kazi ya seva, na liwashwe siku seva inapofungwa, kabla mtu yeyote hajaweka faili la kwanza. Kumlaumu karani aliyefuta ni kumwonea.

Sababu ya kukosekana kwa pipa si uzembe mtupu. Pipa la taka, ambalo lilikuja na Windows 95, halibebi kitu. Faili likifutwa kwenye diski C, Windows hulibadilisha jina na kuliandikisha ndani ya folda iliyofichwa iitwayo $Recycle.Bin, kwenye diski hiyo hiyo. Data yenyewe haisogei hata kidogo, ndiyo maana video ya gigabaiti 4 huingia pipani papo hapo. Kila diski ina folda yake ya namna hiyo, na ndani yake kila mtumiaji ana sehemu yake.

Diski ikiwa ya mtu mwingine, mpango huo unagoma. Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kulivuta faili zima kupitia mtandao hadi kwenye pipa la kompyuta yako: gigabaiti 4 zisafiri ili zitupwe, na nyaraka za ofisi zibaki kwenye laptopu ambayo jioni inaondoka na mwenyewe. Ya pili ni kuunda folda ya taka kwenye seva bila kumuuliza mwenye seva, ijae na kumla nafasi. Kwa diski za kawaida za mtandaoni Microsoft imezikataa njia zote mbili, na kwa hoja hizo hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu uko kwingine. Windows inajua kufanya vinginevyo inapotaka. Mtu wa IT akiihamishia folda ya Documents ya mfanyakazi kwenye seva, kama ofisi nyingi kubwa zinavyofanya, faili likifutwa humo huingia pipani, na pipa hilo huwekwa huko huko kwenye seva. Kwa hiyo mfanyakazi mmoja, kwenye seva moja, ana folda moja yenye pipa na nyingine isiyo na pipa, na hakuna alama yoyote kwenye skrini inayomwonyesha ipi ni ipi. Hapo hatuzungumzii tena ugumu wa ufundi. Ni suala la kumheshimu anayetumia.

Mac nayo ina mchezo huo huo. Faili la kwenye diski yake huenda kwenye Trash. Faili la seva, kwa kawaida, hutolewa onyo kwamba litafutwa mara moja na halitarudi. Onyo la Finder, programu ya mafaili ya Mac, limeandikwa vizuri zaidi. Ni onyo tu, hata hivyo.

Kwenye Linux mambo yanachekesha. Kuna mwongozo wa pamoja wa freedesktop.org unaosema pipa la mtumiaji liko ndani ya folda yake ya nyumbani, na kwamba faili la diski nyingine linaweza kuwekwa kwenye folda iliyofichwa, juu kabisa ya diski hiyo, iitwayo .Trash- ikifuatiwa na namba ya mtumiaji. Folda ya seva ikiwa imeunganishwa kama sehemu ya mti wa mafaili wa kompyuta, programu inaweza kuiona kama diski nyingine tu na kuweka .Trash-1000 humo. Ukiifikia folda hiyo hiyo kwa anwani inayoanza na smb:// katika programu ya mafaili ya GNOME, hakuna pipa. Unaulizwa kama ufute moja kwa moja. Seva moja, folda moja, mtu mmoja, majibu mawili. Na ile 1000 ina kituko chake. Ndiyo namba anayopewa mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu na Debian, kwa hiyo laptopu kumi zilizofungwa na fundi mmoja zina watu kumi wenye namba 1000. Ruhusa za seva zikilegea, wote kumi wanatupa kwenye pipa moja bila kujua, na mmoja akilimwaga amemwaga na ya wenzake.

Wenye umri wa kuikumbuka Novell NetWare wana haki ya kutucheka. Seva za toleo la 3, zilizotamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazikulitupa faili pale mtu alipolifuta. Zilikaa nalo hadi nafasi ilipohitajika kwa kazi nyingine, na programu ya SALVAGE ililirudisha. PURGE ndiyo iliyomaliza kabisa. Hata folda nzima ikifutwa, mafaili yake yalikusanywa mahali paitwapo DELETED.SAV. Seva ilikuja hivyo tangu mwanzo. Leo diski za terabaiti ni za kawaida, lakini tunauziwa seva ambazo pipa lake ni la kuombwa.

Na lipo la kuombwa. Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mapema miaka ya 1990, ndiyo inayowezesha seva nyingi za Linux kuonekana kwenye Windows kama diski. Ina moduli iitwayo recycle. Ikiwashwa, seva inapopokea amri ya kufuta hulihamishia faili kwenye folda ya .recycle badala ya kulifuta. Uzuri wa mpango huu ni kwamba haujali amri imetoka wapi: Windows, Mac, Linux, hata simu. Visanduku vya Synology vina kitu hicho hicho kwa jina la #recycle, vya QNAP kwa jina la @Recycle, na huko kuwasha ni kuweka tiki tu.

Kwenye Samba tiki haitoshi, na hapa tunaomba mafundi wasome kwa makini, kwa sababu mipangilio inayokuja nayo ni ya hatari. Isipoambiwa, Samba haihifadhi mpangilio wa folda ndani ya pipa, wala haiweki nakala mbili zenye jina moja. Kwa hiyo ripoti.docx ya uhasibu na ripoti.docx ya masoko zikifutwa siku moja, inabaki ile iliyofutwa mwisho. Dawa ni kuwasha keeptree na versions. Halafu kuna suala la ruhusa. Folda ya .recycle huundwa siku faili la kwanza linapofutwa, kwa ruhusa 0700, yaani ni ya yule aliyefuta wa kwanza peke yake. Wa pili akifuta, seva hushindwa kuliingiza faili lake humo, na moduli ikishindwa kuhamisha hulifuta faili kabisa bila kusema neno. Ofisi inaamini ina pipa. Mwenye pipa ni mtu mmoja. Ndiyo maana wanaojua huandika .recycle/%U, kila mtumiaji apate folda yake, na kuangalia ruhusa za folda ya juu.

Kulisafisha nako kuna mtego. Pipa la Samba halijimwagi, hivyo fundi huweka kazi ya usiku ya kuondoa kila kilichozidi siku 30. Siku 30 tangu lini? Faili likihamishwa hubaki na tarehe zake za zamani. Mkataba ulioandikwa miaka miwili iliyopita na kufutwa jana kwa bahati mbaya utaonekana una miaka miwili, na usiku huo huo utafagiwa. Samba ina chaguo la touch, linaloweka tarehe mpya ya kufunguliwa, na touch_mtime kwa tarehe ya kubadilishwa. Washa mojawapo, halafu hakikisha kazi ya usiku inasoma tarehe hiyo hiyo.

Wenye Windows Server wana njia yao, nakala za kivuli za folda za pamoja, zilizokuja mwaka 2003. Seva hupiga kumbukumbu ya diski kwa saa zilizopangwa, na mtumiaji hufungua orodha ya matoleo ya awali ya folda na kujichukulia faili lake. Ratiba inayokuja nayo ni saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa kila diski hukaa nakala zisizozidi 64. Faili lililoandikwa saa 3 asubuhi na kufutwa saa 5 haliko kwenye nakala yoyote. Lakini njia hii inaokoa kitu ambacho moduli ya Samba haikiokoi: faili lililohifadhiwa juu ya lingine. Aliyefungua bajeti ya mwaka jana, akaandika ya mwaka huu juu yake na kuihifadhi, hakufuta chochote, kwa hiyo pipa halikuitwa. Ofisi yenye akili inaweka vyote viwili, na bado inaweka bekapu kwenye jengo jingine, kwa sababu pipa na vivuli hukaa kwenye mashine ile ile itakayoungua au kuibwa.

Tumesikia hoja ya upande wa pili, kwamba pipa ni hatari kwa siri za watu. Ni hoja nzito. Barua ya kumwachisha mtu kazi iliyofutwa na afisa utumishi haipaswi kulala kwenye #recycle inayofunguliwa na kila mtu. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 zote zinampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zifutwe, na kuzihamishia kwenye folda iliyofichwa si kuzifuta. Lakini sheria hiyo ya Kenya, inapoeleza uvunjaji wa usalama wa data binafsi, inahesabu pia kupotea na kuharibika kwa bahati mbaya. Anayekosa pipa kwa kuogopa sheria amekimbilia kosa jingine. Jibu ni pipa lenye mlango: Synology inaruhusu lifunguliwe na wasimamizi peke yao, Samba inaruhusu kila mtu na lake, na muda wa kumwagwa uandikwe kwenye sera ya ofisi ili anayeomba kufutiwa aambiwe tarehe ya kweli.

Kwa watengenezaji wa programu za mezani tuna ombi moja. Mahali pasipo na pipa, neno kwenye menyu liseme "futa kabisa" tangu mwanzo, na Enter isiwe ndiyo. Watu wanatoka kwenye Google Drive, ambako tangu Oktoba 2020 faili hukaa kwenye tupio siku 30, au SharePoint, ambako ni siku 93. Wanaingia kwenye diski Z na mazoea hayo. Kompyuta inajua iko wapi, wao hawajui.

Kwa anayehangaika leo: kabla ya kupiga simu, tafuta jina la faili kwenye folda nzima ya pamoja. Mara nyingi halikufutwa, limeburutwa kwa kipanya likaangukia folda jirani. Kama limefutwa kweli, usiipakue programu ya kurudisha mafaili kwenye laptopu yako. Haiwezi kuisoma diski ya seva kupitia mtandao. Mwombe mtu wa IT asimamishe uandishi kwenye diski hiyo, maana kila faili jipya linaweza kukalia nafasi ya lile la zamani.

Na kwa anayelipia: seva mpya ikikabidhiwa, watu wawili wafute faili la majaribio lenye jina moja kutoka kompyuta mbili tofauti, kila mmoja kwa jina lake la kuingilia, huku fundi akitazama. Mojawapo liwe la zamani, lenye tarehe ya mwaka juzi. Fundi ayarudishe yote mawili kesho yake asubuhi, kazi ya usafi ikiwa imeshapita. Malipo ya mwisho yasubiri hadi hapo.