Wageni wa Ziwa Nyasa na Ardhi ya Chiwanda

Kila inapotajwa habari ya utalii katika nchi yetu, macho ya watu huelekea kaskazini. Mwaka 2023 walifika Tanzania wageni 1,808,205 kutoka nje, na mwaka uliofuata wakapita milioni mbili. Lakini wengi wao waliiona Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Unguja, kisha wakarudi kwao. Ni wangapi waliofika Chiwanda? Hata miongoni mwetu wako wasomi wasioweza kuionyesha katika ramani kata hiyo ya Wilaya ya Nyasa, iliyo kusini ya Mbamba Bay kuelekea mpaka wa Msumbiji.

Si kwamba huko hakuna cha kutazamwa. Ziwa Nyasa lina aina za samaki zaidi ya 500, na nyingi katika hizo haziishi mahali pengine po pote duniani. Wale wadogo wa rangi ya buluu na manjano, wakaao penye miamba, hufugwa katika matangi ya vioo majumbani mwa watu wa Ulaya na Marekani, na huuzwa huko kwa jina la Malawi. Hatuwalaumu jirani zetu. Wao waliitenga sehemu ya kusini ya ziwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Upande wetu wa ziwa hauna hata hifadhi moja ya namna hiyo.

Tena iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake lenye sura ya sanamu mashuhuri ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga kwa mzinga na kuilemaza meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Yasemekana nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita imeanza! Wako wageni watakaosafiri mbali kuliona jabali hilo, kama wangeambiwa kuwa liko.

Zamani kisingizio kilikuwa njia. Leo lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na kisingizio hicho kimekwisha. Lakini hapo ndipo ilipo hofu yetu, kwa kuwa lami ikifika, mnunuzi wa viwanja hutangulia kabla ya mtalii. Mvuvi anayeanika usipa wake ufukweni huona mchanga ule kuwa ni mahali pa kuanikia tu. Mwenye fedha huona hoteli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Je, ni wanakijiji wangapi wanaolijua hilo, na ni wangapi wanaohudhuria mkutano wenyewe?

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mradi mkubwa wa kukuza utalii wa kusini, uliokopewa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, ulisimamishiwa fedha mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha kwamba walitendewa ukatili na kunyimwa njia zao za kujipatia riziki.

Wazee watakumbuka mabishano ya mwaka 1970 katika gazeti la The Standard, yaliyokusanywa baadaye na Issa Shivji katika kitabu cha mwaka 1973, kama utalii wafaa katika nchi ya ujamaa au ni utumishi mpya. Sisi hatukubaliani na waliotaka uachwe kabisa, maana nchi haikatai fedha za kigeni kwa ajili ya kiburi. Ila swali lao lingali hai: ni nani atakayekuwa na mtumbwi wa kuwapeleka wageni miambani, ushirika wa wavuvi au kampuni kutoka mjini? Na kijana wa Chiwanda atafundishwa kuongoza wageni, au ataitwa kufagia vyumba tu?

Wanachama wa matawi ya Mbamba Bay, Liuli na Chiwanda waweza kuanza na jambo jepesi. Wadai kusomewa, mbele ya mkutano wa kijiji, orodha ya viwanja vya ufukweni vilivyokwisha kugawiwa na majina ya waliopewa.