Kipima-Sukari cha Kuvaa Kisizuiwe Getini



Katika ziara zetu za Jinja na Mbale tunakuta wenzetu wengi wenye ugonjwa wa sukari. Baadhi hupima kwa kutoboa kidole, wengine hawapimi kabisa. Wachache, waliosaidiwa na ndugu zao walio ng'ambo, wamevaa nyuma ya mkono, chini ya bega, kidude cha duara kinachopima sukari usiku na mchana. Katika kiwanda kimoja mwenzetu wa namna hiyo alinyang'anywa simu getini, na simu hiyo ndiyo inayosoma kidude chake. Walinzi walisema simu ni marufuku ndani. Sisi tunasema amri ya namna hiyo ni ya hatari na lazima ibadilishwe. Lakini kwanza na sisi tukijue kifaa chenyewe, maana chombo usichokijua huweza kukuponza.

Kidude hiki kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Hakipimi damu. Hupima sukari iliyo katika majimaji ya mwili chini ya ngozi, kisha hupeleka hesabu kwenye simu au kwenye kisomeo chake. Kwa sababu hiyo hesabu yake huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Kwa karani aliyeketi ofisini jambo hilo si kubwa. Kwa mkata miwa wa Kakira anayemaliza kipande chake juani, ambaye sukari yake yaweza kushuka upesi, dakika 15 ni nyingi mno.

Kwa hiyo tushike mambo haya:

1. Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au ukichanganyikiwa, na kidude kinasema u mzima, usikiamini. Toboa kidole upime damu. Kama huna kipimo, kula sukari kwanza.

2. Sukari chini ya 3.9 (au 70 kwa hesabu ile nyingine) ni ya chini. Tia vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, unywe, ungoje dakika 15, upime tena. Usirudi kwenye mashine wala usishike panga kabla haijapanda.

3. Kidude hukaa siku 10 hadi 15 kwa kadiri ya aina yake. Usikizidishie siku kwa ajili ya kubana fedha, wala usimpe mwenzako kilichotumika. Osha mikono, safisha ngozi, na badili mahali kila mara. Pakivimba au pakitoa usaha, kitoe uende kwa mganga.

4. Jasho hukibandua. Kukilalia huweza kuleta hesabu ya chini ya uongo. Vidonge vingi vya vitamini C au vya parasetamoli huweza kudanganya baadhi ya aina. Ukipelekwa kupigwa picha hospitalini, waambie kwamba umekivaa.

5. Hakikisha simu yako inalia. Mwezi wa Februari 2025 idara ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa onyo kwamba watu wamekosa kusikia kengele za hatari kwa sababu ya jinsi simu zao zilivyowekwa.

Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi ndio walio katika hatari kubwa ya sukari kushuka. Mtu wa namna hii huweza kuyumba na kusema ovyo, na nyapara akadai amelewa. Tumwangalie mwenzetu kabla ya kumhukumu. Akiwa na fahamu, apewe sukari. Akizimia, asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Sasa kwa waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inawapa wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wao. Hatuombi hisani. Tunataka mgonjwa aruhusiwe kuingia na simu au kisomeo chake. Tunataka apewe nafasi ya kupima na kula bila kukatwa mshahara. Tunataka kila zahanati ya kiwanda na ya shamba iwe na mashine ya kutoboa kidole na vijiti vyake, na kila kikosi cha shambani kiwe na sukari na maji safi. Ni aibu shamba la miwa kukosa kijiko cha sukari kwa mtu anayeanguka.

Wengine watasema kifaa hiki ni cha matajiri. Kwa bei yake ya leo ni kweli. Lakini insulini ilipogunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, wagunduzi waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola 1 tu kila mmoja, ili dawa iwafikie watu. Basi bei si amri ya Mungu. Hupangwa na watu, na watu huweza kuipinga.

Wajumbe wa matawi, waandikeni wenzetu wenye ugonjwa huu, kwa hiari yao na kwa siri, mjue ni wangapi. Madai haya yaingie katika mazungumzo yajayo na waajiri, yaandikwe katika mkataba na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo haimfungulii mtu geti.